Bata Mzinga Walioanguka Redioni: Tahakiki ya WKRP in Cincinnati

Katika sehemu moja ya tamthilia ya WKRP in Cincinnati, bata mzinga walio hai wanatupwa kutoka kwenye helikopta juu ya maduka yaliyojaa watu, na mtazamaji haonyeshwi hata unyoya mmoja. Anachoonyeshwa ni mwanamume mwenye miwani na tai ya kipepeo, amesimama mbele ya duka na kipaza sauti mkononi, anatazama juu na kueleza. Basi. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri mbele ya wahadhiri wangu. Kila mara nacheka, kisha najiuliza nimecheka nini, maana macho yangu hayakuona kitu. Nilikuwa nimeketi mbele ya kompyuta nikisikiliza redio.

Wanaoisifu tamthilia hii huisifu kwa wahusika wake: watu walioshindwa kwingine, wakakutana katika kituo kibovu, wakawa kama ndugu. Sipingi. Lakini tamthilia za watu walioshindwa wakawa kama ndugu ni nyingi, na baadhi zinachekesha kuliko hii. Kinachoitofautisha WKRP ni swali ambalo inaliuliza kwa dhati katika sehemu zake bora: anayezungumza redioni ana deni gani kwa mtu asiyemwona? Pale inapolisahau swali hilo inalegea, na nitaonyesha ni wapi.

Kabla ya hapo niwaondolee wenzangu wa Kampala utata. Nikisema tamthilia hii ilirushwa na CBS, sisemi CBS ya Buganda, ile ambayo serikali iliifunga Septemba 2009 ikafunguliwa tena Oktoba 2010. Nasema kampuni ya runinga ya Marekani, iliyoionyesha kuanzia Septemba 1978 hadi Aprili 1982. Mtunzi wake, Hugh Wilson, alikuwa amefanya kazi ya matangazo ya biashara mjini Atlanta, na kituo alichokichora kilitokana na kituo halisi cha huko, WQXI. Alikihamishia Cincinnati, mji wa jimbo la Ohio, akakipa nguvu ya wati 5,000 na hasara isiyokwisha.

Kituo kinapiga muziki laini wa wazee. Anafika meneja mpya wa vipindi, Andy Travis, na kwa siku moja anakigeuza kuwa kituo cha roki. Mtangazaji wa asubuhi, aliyechoka na maisha, anaambiwa habari hiyo akiwa hewani. Anaisugua sindano juu ya sahani ya santuri mpaka ikwaruze, anaweka wimbo mwingine, na papo hapo anajibatiza jina jipya, Dr. Johnny Fever. Kisha analitamka hewani neno lile lile la upuuzi lililomfukuzisha kazi Los Angeles. Howard Hesseman anaigiza mabadiliko hayo kwa mabega tu, jinsi yanavyoamka. Wengine niwataje haraka: Arthur Carlson, meneja mkuu, mtu mwema asiyejua kazi, mama yake mzazi, mmiliki, anayejua kila kitu, Herb Tarlek, muuza matangazo mwenye suti zinazopiga kelele, mhusika bapa kuliko wote, Jennifer Marlowe wa mapokezi, Bailey Quarters, msichana mwenye haya anayetaka kuwa mwanahabari, Venus Flytrap, mtangazaji wa usiku, na Les Nessman, mkurugenzi wa habari, ambaye ndiye yule mwenye tai ya kipepeo.

Les ndiye ufunguo. Hana ofisi. Meza yake iko katika chumba kimoja na za wenzake, naye anaona mkurugenzi wa habari anastahili ofisi. Basi amebandika utepe sakafuni kuizunguka meza yake, na anataka kila anayemjia asimame penye utepe, abishe hodi hewani, afunguliwe mlango usiokuwepo. Nao wanabisha. Wanamcheka, wanakunja uso, lakini wanabisha. Mara ya kwanza niliona ni kichekesho cha mtu mwenye kichaa kidogo. Mara ya tatu au ya nne nilianza kuona kwamba hiyo ndiyo picha halisi ya redio: chumba ambacho kipo kwa sababu aliye ndani anasema kipo na aliye nje amekubali. Kijana wa kijijini anapomsikia mtangazaji akisema "karibu studioni" huiona studio pana, yenye zulia na mitambo inayowaka taa. Mimi nimeingia studio ya namna hiyo. Kuta zake zilikuwa zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi.

Turudi kwa bata mzinga. Sehemu hiyo inaitwa "Turkeys Away" na ilionyeshwa Oktoba 1978, kabla ya sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani, ambapo nyama ya ndege huyu haikosekani mezani. Carlson anajiona hana kazi tena katika kituo alichokuwa akikiongoza. Anabuni mpango wa kukitangaza kituo na haumwambii mtu ila Herb. Les anatumwa kwenye maduka ya Pinedale kutangaza moja kwa moja. Helikopta inakuja ikiburuta bango la salamu za sikukuu. Kitu cheusi kinadondoka. Les anadhani ni mtu anayeruka kwa mwavuli. Kinadondoka cha pili, cha tatu. Anatafuta miavuli haioni. Ndipo anapotambua ni ndege, na sauti yake inabadilika: watu wanakimbia, kioo cha gari kinavunjika, ndege wanapiga lami kama magunia ya saruji mbichi.

Wilson na waandishi wake wamemfanya Les aige, bila kujijua, taarifa maarufu ya Herbert Morrison, mtangazaji aliyeshuhudia chombo cha angani Hindenburg kikiungua mwaka 1937 na kulia akiwa kazini. Mtazamaji wa Marekani aliutambua mwangwi huo. Sisi hatuutambui, lakini nadhani tunapungukiwa kidogo tu, kwa kuwa ucheshi wenyewe uko katika pengo kati ya lugha na tukio. Lugha ni ya maafa makubwa. Tukio ni kitoweo. Wataalamu wetu wa fasihi wangeiita kinaya na kuendelea na safari. Mimi nataka kusimama hapo kidogo, kwa sababu Les hakosei. Watu wale kweli wako hatarini, na ndege wale kweli wanakufa. Anayekosea ni sisi tunaocheka, na tunacheka kwa sababu kamera imetunyima picha. Tungeonyeshwa bata mmoja tu akipasuka juu ya lami, kicheko kingekatika. Mwongozaji alilijua hilo.

Kisha Carlson anarudi ofisini, nguo zimechanika, manyoya mwilini, na anamwapia Mungu kwamba alidhani bata mzinga wanaruka. Sentensi hiyo ndiyo Wamarekani wanayoikumbuka hadi leo. Darasani tulijaribu kuitafsiri tukashindwa kukubaliana. Wengine walitaka bata mzinga wabadilishwe wawe kuku ili mtazamaji wa Jinja aelewe. Nilipinga. Kila mtu Jinja anajua kuku anaruka kiasi gani. Ujinga wa Carlson ungekuwa wa mpumbavu. Bata mzinga ana mbawa kubwa, na yule wa porini huruka. Wa kufugwa, aliyenoneshwa, ndiye asiyeweza. Carlson alikuwa na sababu ya kuamini alichoamini. Alichokosa ni kumuuliza mtu kabla ya kupanda helikopta.

Naomba nitoke nje ya matini, nitarudi. Likizo ya mwaka wa pili nilifanya mafunzo kazini katika kituo kidogo cha redio ambacho sitakitaja. Kipindi cha Kiswahili kilikuwa nusu saa, Jumapili jioni, nami nilipewa kazi ya kutafsiri na kusoma matangazo ya vifo yaliyoletwa kwa Kiganda. Moja lilisema mazishi ni Lwakuna. Sasa, Kiganda huhesabu siku kuanzia Jumatatu, hivyo siku ya nne ni Alhamisi. Kiswahili huhesabu kuanzia Jumamosi, hivyo siku ya nne ni Jumanne. Nililijua hilo. Ningeulizwa kwenye mtihani ningelijibu na kupata alama zote. Hewani, taa nyekundu ikiwaka, niliona "nne" nikasoma "Jumanne."

Baada ya wiki moja mzee mmoja alipiga simu kituoni akaomba kuzungumza na yule msichana wa Kiswahili. Alikuwa amesafiri kutwa nzima kwenda kumzika rafiki yake. "Mwanangu," alisema, "nilifika nikakuta hata kaburi halijachimbwa." Wafiwa walimshangaa, wakamtafutia pa kulala siku mbili. Nilimwomba radhi. Akasema si neno, ila siku nyingine nisome polepole. Nadhani angenitukana ningemsahau.

Ndiyo maana siwezi kuikubali hoja ya mwenzangu mmoja wa semina kwamba "Turkeys Away" ni upuuzi mtupu wa kuchekesha. Ni hadithi ya kituo kilichotaka kusikika, kikasema kabla ya kujua.

Na tamthilia yenyewe iliirudia hadithi hiyo bila kicheko. Tarehe 3 Desemba 1979, mashabiki 11 walikufa Cincinnati, mjini hasa na si katika hadithi, wakisukumana kwenye milango ya ukumbi wa Riverfront Coliseum kabla ya tamasha la bendi ya The Who. Tiketi nyingi hazikuwa na viti maalumu; aliyewahi ndiye aliyekaa mbele, na milango iliyofunguliwa ilikuwa michache. Kabla mwezi huo haujaisha, halmashauri ya mji ilipiga marufuku utaratibu huo wa kuketi. Na Februari 1980, takriban miezi miwili baada ya vifo, WKRP ilionyesha sehemu inayoitwa "In Concert".

Nusu ya kwanza ni ya kawaida. Wafanyakazi wamelipigia debe tamasha hewani, wana furaha, wanataniana kuhusu nguo na muziki. Kisha tangazo la biashara. Nusu ya pili ni siku inayofuata, na watu wale wale wameketi ofisini hawajui waweke wapi mikono yao. Walikuwa pale. Wengine hawakujua lolote mpaka walipotoka. Sasa wanajiuliza kama kelele zao za wiki nzima zilichangia kuwapeleka vijana wale mlangoni.

Kisanaa ni sehemu yenye makosa. Mazungumzo ya nusu ya pili mahali fulani yanakuwa kama taarifa ya serikali. Mhusika mmoja anauliza ili mwingine aeleze utaratibu wa tiketi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeandika pembeni "mahubiri" na angekuwa sahihi. Lakini angalia nyuso. Angalia Gordon Jump, anayeigiza Carlson, jinsi yule mtu wa bata mzinga anavyojaribu kuwa baba wa ofisi na kukosa la kusema. Mtu aliyewahi kurusha ndege hai juu ya umma kwa nia njema ndiye sasa anayebeba uzito wa jambo ambalo hakulitenda. Mtu anayezitazama sehemu hizi mbili mfululizo, kama nilivyofanya usiku mmoja hosteli umeme uliporudi, hawezi tena kuicheka ya kwanza kwa namna ile ile. Pengine waandishi hawakukusudia zisomwe pamoja. Mimi nazisoma pamoja.

Sasa nije penye ulegevu. Swali la pesa tamthilia hii inaliacha mpaka dakika ya mwisho. Kwa misimu minne tunaonyeshwa kituo kinachohangaika kupanda katika orodha ya vituo vinavyosikilizwa, tunawahurumia, tunashangilia kila hatua. Katika sehemu ya mwisho kinafika nafasi ya sita, na mama mwenye mali, badala ya kufurahi, anataka kuwaondoa watangazaji wa muziki na kukifanya kituo cha habari tupu. Johnny ndiye anayegundua sababu: mama huyo hakutaka kituo kifaulu kamwe. Hasara yake ilikuwa inampunguzia kodi.

Tafakari hilo. Jasho lote, aibu zote, utepe wa Les, ndege wa Carlson, vilikuwa ndani ya hesabu ya mtu mmoja aliyehitaji kushindwa kwao. Ukirudi mwanzo, unaelewa kwa nini mama yule mkali aliruhusu roki iendelee: huenda aliamini itaanguka. Hii ni kejeli kali kuliko zote katika tamthilia, na inapotea bure. Mama anabadili msimamo, kituo kinabaki kama kilivyo, mambo yanaisha. Hakuna mfanyakazi anayeuliza mshahara wangu mdogo wa miaka yote hii ulikuwa sehemu ya mpango? Nilitamani Bailey aulize. Ana akili ya kuuliza. Lakini Bailey katika tamthilia hii hupewa akili na kunyimwa nafasi. Anaanza kwa kupanga ratiba za matangazo, anafikia kusoma habari, na bado mara nyingi waandishi humsahau wiki nzima. Nje ya hadithi, CBS nayo iliihamisha tamthilia siku na saa mara kwa mara mpaka watazamaji wakachoka kuitafuta, kisha ikaifuta mwaka huo huo wa 1982. Kituo kilinusurika hadithini, tamthilia ikafa.

Jennifer anahitaji mizani ya haki. Ametungwa kwa ajili ya macho ya wanaume, hilo halifichiki. Nusu ya vichekesho vya Herb ni kumtolea macho. Lakini ndiye anayelipwa zaidi kituoni, hachapi barua, hamletei mtu kahawa, na Carlson haendi popote bila ushauri wake. Wenzangu wa kike wamegawanyika juu yake. Mimi nasema waandishi walimpa heshima na kamera ikamnyang'anya.

Na Venus. Tim Reid anamwigiza mtangazaji Mweusi wa usiku, mwenye sauti ya asali na mavazi ya kung'aa, ambaye jina lake halisi ni Gordon Sims na ambaye, tunagundua, alitoroka jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Kuwa na mtu Mweusi mmoja tu katika ofisi nzima ni mapungufu ya zama zake. Hata hivyo, kwa msomaji wa lugha, sehemu ya kusisimua kuliko zote ni yake, katika msimu wa tatu, "Venus and the Man". Mfanyakazi wa usafi ana kijana anayetaka kuacha shule kwa sababu, anasema, hana anachokielewa pale. Venus anaweka dau kwamba atamfundisha muundo wa atomu kwa dakika mbili. Anachukua kalamu na kuugeuza kiini cha atomu kuwa mtaa wenye magenge. Protoni ni genge moja, nyutroni jingine, elektroni wanazunguka nje na roho mbaya. Majina ya magenge yanafanana kimatamshi na majina ya kisayansi, hivyo kijana akikumbuka genge amekumbuka fizikia. Na kijana anairudia yote bila kukosea.

Sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi ambayo wengi walikijua kwanza kama lugha ya barabarani na ya mtu mwenye bunduki, tunapaswa kuitazama sehemu hiyo na daftari mkononi. Venus hakumwambia kijana lugha yake ya mtaani ni chafu, wala hakumsifu kwa lugha hiyo akamwacha hapo hapo. Aliitumia kumvusha. Nimewahi kufundishwa ngeli kwa wimbo wa majina ya kitaaluma ambao sikumbuki hata mstari wake.

Neno moja kuhusu matini tunayoitazama, kwa kuwa wahakiki wengi hulipita. WKRP ilirekodiwa kwenye tepu na si filamu, na sababu mojawapo ni kwamba haki za kutumia nyimbo halisi zilikuwa nafuu kwa tepu. Muziki wake ulikuwa wa kweli, wa wakati ule. Haki zilipokwisha, nyimbo nyingi ziliondolewa na kubandikwa muziki usiojulikana, na nakala za DVD za msimu wa kwanza zilizotoka mwaka 2007 ziliathirika hivyo. Toleo la mwaka 2014 lilirudisha sehemu kubwa. Nakala tuliyopewa sisi kwenye flashi ni ya zile zilizokatwa. Kuna mahali Johnny anatikisa kichwa kwa mdundo ambao haupo; kinachosikika ni gitaa la mtu mwingine kabisa. Aliyewahi kulinganisha nakala mbili za utenzi mmoja, ambapo mnakili alibadilisha beti asizozipenda, atajua hisia hiyo. Nilimuuliza mhadhiri wetu kama ni halali kuhakiki matini iliyochezewa. Akasema nihakiki, ila niseme wazi. Nimesema.

Wimbo mmoja haukuguswa: ule wa kufungia, majina yanapopita. Ni roki ya kelele, mwimbaji anapaza sauti kwa hisia kubwa, na maneno hayaeleweki. Nilidhani tatizo ni Kiingereza changu. Nilirudisha nyuma, nikaweka vipokea sauti masikioni, nikaandika silabi nilizozisikia moja moja kwenye karatasi. Baadaye nikajua hakuna maneno. Mwimbaji, Jim Ellis, alikuwa akibwabwaja tu kushika nafasi mpaka maneno yaandikwe, na Wilson akauacha vile vile kuwakejeli waimbaji wa roki wasiosikika wanasema nini. Karatasi ile ninayo bado, silabi zangu zimejaa pande zote mbili.